Vitabu vya likizo kwa mwanafunzi wa sekondari: namna ya kuvichagua na kuvimaliza

Kila shule zinapokaribia kufungwa maswali ni yaleyale. Nisome vitabu vingapi? Nianze na kipi? Kiingereza changu ni cha kuungaunga, nifanyeje? Na lile linalokuja baada ya wiki mbili: mbona nimekwama ukurasa wa 17? Mwongozo huu unakuhusu wewe uliye kidato cha pili hadi cha sita, na hasa wewe uliyemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, unayesubiri kidato cha tano kinachoanza Julai. Mifano mingi ni ya Tanzania. Aliye Kenya atabadilisha tarehe za likizo tu, hatua ni zilezile.

Hapa hatuzungumzii vitabu vya kiada. Fizikia na Jiografia zina ratiba zake. Hivi ni vitabu unavyovisoma kwa hiari, ambavyo faida yake utaiona kwenye insha, kwenye ufahamu, na kwenye uwezo wa kukaa na maandishi marefu bila kuchoka.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Daftari moja la kurasa 96. Lisiwe la somo lolote.
- Penseli. Kalamu ya wino isiguse kitabu cha kuazima.
- Kamusi ya Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatosha. Ukiipata Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka 2015, ni nzuri zaidi kwa maneno mapya.
- Saa, au simu iliyozimwa data.
- Mwanga wa uhakika wa dakika 45 kwa siku. Kama umeme kwenu ni wa kubahatisha, panga kusoma asubuhi.
- Kalenda ya likizo yako yenye shughuli zote za nyumbani: safari, shamba, harusi, twisheni.

Usinunue kitabu chochote kabla ya kufika hatua ya 5.

Hatua

1. Hesabu siku za kweli. Likizo ya Juni ni wiki nne hivi, yaani siku 28. Toa siku za safari ya kwenda na kurudi, siku za shughuli ya ukoo, na siku moja ya kupumzika kila wiki. Siku 28 zinashuka hadi 18 bila wewe kuzembea hata kidogo. Andika hiyo 18, usiandike 28. Ratiba nyingi za likizo hufa wiki ya kwanza kwa sababu zilipangwa kana kwamba nyumbani hakuna kazi.

2. Pima kasi yako. Chukua riwaya yoyote ya Kiswahili, fungua sura ya pili, soma dakika 20 kwa mwendo wako wa kawaida. Hesabu kurasa. Usishindane na mtu, maana namba ya uongo itakuumiza mwenyewe. Tuseme umesoma kurasa 9: kwa dakika 45 ni kama kurasa 20. Pima tena kwa kitabu cha Kiingereza. Usishtuke namba ikishuka hadi nusu.

3. Tafuta jumla ya kurasa, kisha punguza robo. Siku 18 mara kurasa 20 ni kurasa 360. Toa robo ya dharura, zinabaki 270. Hivyo ni vitabu viwili, kimoja cha kurasa 110 hivi na kingine cha 160. Naam, viwili. Aliyemaliza kidato cha nne ana zaidi ya miezi saba: wiki 30, siku tano kwa wiki, ni siku 150, kurasa 3,000, na baada ya kutoa robo 2,250. Huyo anaweza kupanga vitabu kumi na viwili na akavimaliza huku anafanya kazi dukani.

4. Panga orodha kwa uzito, si kwa sifa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Orodha iwe na kitabu chepesi cha kuanzia, cha kati cha kukaa nacho, na kama siku zinaruhusu, kizito kimoja. Anza na chepesi hata kama wewe ndiye wa kwanza darasani. Jicho na makalio vinahitaji kuzoea kukaa.

*Vyepesi* ni vile ambavyo kisa kinakuvuta chenyewe. Riwaya za upelelezi ndizo mahali pazuri pa kuanzia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimuumba Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), kisha akaendelea naye katika *Kisima cha Giningi* na *Duniani Kuna Watu*. Unasoma ili kujua nani muuaji, na huku Kiswahili cha Unguja kinakuingia bila kujua. Ukipenda mwendo wa mjini na risasi, wapo Ben Mtobwa na Elvis Musiba. Kwa wanaopenda safari na maisha ya kijana wa umri wao, *Siku Njema* (1996) ya Ken Walibora inamfuata kijana kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta baba yake.

*Vya kati* vina kisa kinachoeleweka, lakini nyuma yake kuna historia au jamii ya kufikiria. *Kuli* (1979) ya Adam Shafi inahusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. *Vuta n'Kuvute* (1999), yake pia, ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950. *Utengano* (1980) ya Said Ahmed Mohamed ni ya binti aliyefungiwa ndani na baba mwenye cheo. *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ya Ukerewe, nayo imo humu kwa lugha, lakini ina mambo mazito ya mwili na ukatili. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Kwa kidato cha tatu kwenda juu inafaa. Wa kidato cha pili asubiri, au asome na mtu mzima wa kuzungumza naye.

*Vizito* usivitambue kwa unene. Kosa la kila mwaka ni mwanafunzi kuchukua *Nagona* ya Kezilahabi kwa sababu ni nyembamba, akidhani ataimaliza kwa siku mbili. Kisa chake hakiendi kwa mstari ulionyooka, na aliyeanza nacho hujiona hana akili. *Kusadikika* (1951) ya Shaaban Robert nayo ni nyembamba, ila lugha yake ni ya adabu ya zamani na sentensi zake zinataka kusomwa taratibu. Hii ya pili inawezekana kabisa, mradi uisome ukijua mpango wake: Karama yuko kizimbani, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, moja moja. Soma mjumbe mmoja kwa siku.

Ukiwa na nafasi, ongeza kitu kifupi cha aina nyingine. Tamthilia *Kinjeketile* (1969) ya Ebrahim Hussein, ya Vita vya Majimaji, inasomeka kwa siku tatu, tena vizuri zaidi mkiwa wawili mnagawana sauti. *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert ni mzuri kwa anayesema hapendi hadithi za kubuni. Kwa ushairi, *Sauti ya Dhiki* (1973) ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni Kenya: shairi moja kwa siku, kwa sauti, halafu basi. Diwani haisomwi kama riwaya. Ukiifululiza, mashairi yote yatakuwa shairi moja kichwani mwako.

5. Jaribu kitabu kabla ya kukilipia au kukiazima. Fungua katikati, ukurasa wowote uliojaa maandishi. Soma wote, ukikunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vidole 0 hadi 2: chepesi kwako. Vidole 3 hadi 5: cha kati, ndicho unachohitaji zaidi. Zaidi ya vitano: kizito, kiingie nafasi ya mwisho. Usifanyie jaribio hili ukurasa wa kwanza, maana waandishi wengi huanza kwa mapambo kisha lugha hutulia.

Kisha kikague chenyewe. Vitabu vingi huchapwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na uzi au gundi ikiachia, mara nyingi fungu zima hudondoka. Kwa hiyo kwenye kitabu cha mtumba usiangalie jalada na ukurasa wa mwisho pekee. Pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa tangu mwanzo hadi mwisho. Nakala za fotokopi angalia kama mstari wa mwisho wa kila ukurasa umekatwa.

Na soma jalada vizuri. Kitabu kilichoandikwa "Mwongozo wa…" au "Uchambuzi wa…" si riwaya yenyewe. Rangi na picha hufanana, muuzaji ana haraka, unafika nyumbani na orodha ya dhamira na wahusika bila hadithi. Vilevile kuna matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Angalia jalada la nyuma au kurasa za mwanzo.

6. Vipate kwa njia ya gharama ndogo kwanza. Kwa mpangilio huu: maktaba ya shule kabla haijafungwa (omba wiki mbili kabla, mwalimu wa maktaba naye ana likizo yake), maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ndugu na majirani, wauza vitabu vya mtumba, mwisho duka la vitabu. Maktaba za umma mara nyingi huomba picha ndogo na barua ya shule au mdhamini, kwa hiyo ulizia masharti kabla ya kwenda. Kenya, tafuta tawi la maktaba ya taifa lililo karibu.

Mkiwa marafiki watatu, kila mmoja anunue kimoja na mzungushe. Andikeni tarehe za kubadilishana kwenye kurasa za mwisho za madaftari yenu, la sivyo kitabu cha pili hakitarudi.

Faili za PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ziache. Nyingi ni za wizi, mwandishi hapati kitu, na mara nyingi zina kurasa zilizorukwa. Tena kusoma kwenye simu hiyohiyo inayolia kila dakika ni kujitega mwenyewe.

7. Siku ya kwanza, soma kurasa 30 kwa mkao mmoja au miwili. Riwaya huwa ngumu mwanzoni kwa sababu ya majina. Ukisoma kurasa tano leo na tano keshokutwa, hutajua nani ni nani. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika kila mhusika anapotokea, maneno matano yatosha. Kwa *Vuta n'Kuvute* ukurasa huo utaonekana hivi:

Yasmin – binti wa Kihindi, ameozwa mzee
Bwana Raza – mume wake, mwenye duka
Mwajuma – shoga yake, anayempokea
Denge – anapigania uhuru, anafuatwa na polisi
Inspekta Wright – Mwingereza, ndiye anayemfuata

Basi. Usiandike sifa za wahusika wala dhamira. Hayo ya mtihani yatakuja yenyewe. Na kwa riwaya hii, filamu yake iliyotengenezwa na Amil Shivji (2021) iangalie ukishamaliza, si kabla. Ukiiangalia kwanza utaanza kuruka kurasa ukitafuta kile ulichokiona.

8. Kila siku: dakika 45, halafu mistari mitatu. Mstari wa kwanza, kilichotokea. Wa pili, swali moja ulilobaki nalo. Wa tatu, neno au msemo mmoja ulioupenda, na namba ya ukurasa. Mistari mitatu ina maana mitatu. Wanaoandika muhtasari wa kurasa mbili kila siku huchoka ifikapo siku ya nne, na wakiacha kuandika huacha na kusoma.

9. Tumia kamusi kwa ubahili. Neno usilolijua likitokea mara moja, lipite. Likirudi mara ya tatu, au likikuzuia kuelewa tendo lenyewe, ndipo ufungue kamusi. Maneno matatu kwa siku yanatosha.

Wengi husema "neno halimo kwenye kamusi" ilhali limo. Kitenzi kivue viambishi: *hawakumtupia* utaikuta kwenye *tupa*, *alivyonyanyuliwa* kwenye *nyanyua*. Vitenzi havikuwekwa chini ya *ku-*, kwa hiyo usiende K. Nomino irudishe kwenye umoja: *nyuso* iko kwenye *uso*, *ndimi* kwenye *ulimi*, *kuta* kwenye *ukuta*. Ukimaliza haya na bado hulioni, huenda ni neno la lahaja, kama Kiunguja, Kimvita (cha Mombasa) au Kipemba. Angalia kurasa za mwisho za kitabu, baadhi ya vitabu vina sherehe hapo, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake.

10. Weka kituo cha kuacha. Ukifika kurasa 30 za kitabu cha kurasa 150, au 50 za kitabu kinene, na hutaki kujua kinachofuata, kiache. Andika sababu kwa sentensi moja, chukua kingine. Ruhusa hii itumike mara moja kwa likizo. Ukiacha vitatu mfululizo, tatizo ni uchaguzi: rudi hatua ya 5 na ushuke daraja moja.

11. Ukimaliza, kisimulie. Dakika tano, kwa mtu ambaye hajakisoma, bila kuangalia daftari. Mdogo wako anatosha. Utakapokwama katika kusimulia ndipo palipokupita. Rudia kurasa hizo tu.

Kwa wanaotaka kujikwamua Kiingereza

Wanaosubiri tahasusi (mchepuo wa masomo wa kidato cha tano) za HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) huuliza sana hili. Njia inayofanya kazi ni kusoma jozi: kitabu kimoja kwa lugha mbili. Soma sura kwa Kiswahili leo, sura hiyohiyo kwa Kiingereza kesho. Kisa unakijua tayari, kwa hiyo akili inashughulika na lugha peke yake. Jozi nzuri ni *Shujaa Okonkwo* (1973), tafsiri ya *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe, na *Peponi* (2022), tafsiri ya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021. Tafsiri za Shakespeare alizofanya Mwalimu Nyerere ni kazi kubwa, lakini kwa kusudi hili hazifai kuanzia: pande zote mbili ni ngumu.

Hesabu ya jozi ni mara mbili ya kurasa, na upande wa Kiingereza kwa kasi uliyoipima hatua ya 2. Kwa likizo ya Juni jozi moja ndiyo orodha nzima.

Makosa yanayorudi kila likizo

Kusoma vitabu teule vya mtihani pekee. Hivyo utavisoma darasani miezi minane. Kimoja katika orodha kinatosha.

Kuchagua kwa kuwa mwalimu au mjomba alikisifu. Alikisoma akiwa na miaka mingapi?

Kusoma umelala kitandani baada ya chakula cha usiku. Kurasa sita, usingizi, na kesho unazirudia zilezile.

Kuanza vitabu vitatu kwa pamoja. Riwaya moja na diwani moja vinakaa pamoja. Riwaya mbili hazikai, majina yatachanganyika.

Ikikwama

*Nasoma lakini ukurasa ukiisha sikumbuki kitu.* Soma aya mbili kwa sauti ya chini, kisha endelea kimya. Kama bado, rudia jaribio la vidole kwenye ukurasa huo. Vikizidi vitano, kitabu kimepanda daraja katikati, jambo la kawaida sehemu zenye mashairi au hotuba. Punguza kurasa za siku hadi nusu kwa siku mbili.

*Wahusika wamenichanganya.* Rudi kwenye orodha ya hatua ya 7. Kama hukuiandika, pitia haraka kurasa 30 za kwanza na uiandike sasa. Ni nusu saa tu.

*Nyumbani hawaniachi nikae.* Gawa dakika 45 mara tatu: 15 kabla ya kazi za asubuhi, 15 mchana, 15 jioni. Omba muda huo kwa mzazi waziwazi, kwa saa, "Mama, naomba saa kumi hadi kumi na robo," kuliko kujificha na kuitwa kila mara.

*Baba anasema riwaya ni upuuzi.* Msomee kurasa mbili za *Kuli* au za *Kinjeketile*. Wazee wengi wana la kusema kuhusu ukoloni, na wakishaanza watakuulizia kitabu kimefika wapi.

*Nimepoteza siku sita kwa msiba.* Usizifidie kwa kusoma kurasa 60 kwa siku. Ile robo uliyotoa hatua ya 3 ndiyo kazi yake hii. Ikiisha, ondoa kitabu cha mwisho kwenye orodha.

*Kitabu cha kuazima kimelowa.* Usikianike juani wala usikipige pasi, kurasa zitajikunja na gundi itaachia. Weka karatasi nyeupe kavu kila baada ya kurasa kumi hivi, kilaze chini ya kitu kizito kivulini, badilisha karatasi kila baada ya saa chache. Usitumie gazeti, wino wake unahama. Mwambie mwenyewe kabla hujarudisha.

*Shule zimefunguliwa na nimebakiza kurasa 40.* Kurasa 40 ni siku tano za dakika 20 baada ya prepo. Zimalize kabla hujarudisha kitabu maktaba, na kisimulie Jumamosi.